Kwa Nini Chuo cha Sanaa Kichangie Tuzo za Muziki wa Asili

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu manju na mafundi wa ala, walimu wenzangu, wanafunzi, ndugu wafadhili, mabibi na mabwana.

Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nieleze kwa nini taasisi inayofundisha sanaa, ambayo mara nyingi haina fedha za kutosha kununua ngozi za ngoma na nyuzi za zeze kwa wakati, ikubali kuchangia tuzo za muziki wa asili kwa fedha, kwa walimu na kwa ukumbi wake. Swali hilo wameliuliza wajumbe wa bodi na wameliuliza wazazi wanaolipa ada. Wana haki ya kupata jibu lililonyooka, kwa sababu kila shilingi inayokwenda kwenye jukwaa la tuzo ingeweza kutumika darasani.

Jibu langu nalitoa sasa hivi, kisha nitalitetea. Chuo cha sanaa hakimiliki elimu ya muziki wa asili kinayoifundisha. Elimu hiyo iko kwa watu walio nje ya uzio wetu, wengi wao wakulima, wafugaji na wavuvi, ambao hawana cheti chochote cha muziki na hawajawahi kukihitaji. Tuzo inayoendeshwa na watu wanaokijua wanachokipima hutuwezesha kuwatambua wenye elimu hiyo, kuwaheshimu hadharani, na kumpa kijana sababu ya kwenda kukaa nao wangali hai. Chuo kisichojishughulisha na heshima ya watu hao, baada ya kizazi kimoja, hakitakuwa na cha kufundisha isipokuwa yale machache ambayo walimu wake waliyabeba kichwani.

Tazameni historia yetu wenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza katika hotuba yake ya urais kwamba ameunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kuwa wengi wetu tulijua kucheza rumba na chachacha, ilhali Gombe Sugu, Mangala, Nyang'umumi, Kiduo na Lelemama hatukuwa tumezisikia hata majina. Katika miaka iliyofuata kikaundwa Kikundi cha Taifa cha Ngoma, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 tunakijua kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Miongoni mwa watu waliokipa chuo hicho jina duniani alikuwa hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, mpigaji wa marimba na zeze na mwimbaji ambaye sauti yake ilipanda na kushuka kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuifananisha na nyingine. Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hakuletwa Bagamoyo na cheti. Aliletwa na uamuzi wa watu wenye mamlaka waliosema waziwazi, mbele ya taifa zima, kwamba anachokijua kina thamani. Heshima ilitangulia, darasa likafuata. Mpangilio huo ndio ninaoutetea leo, kwa sababu tangu wakati huo tumejenga madarasa mengi na kusahau kwamba yalitanguliwa na heshima.

Naomba nikae kidogo kwenye marimba ya Kigogo, kwa kuwa inaonyesha kwa uwazi zaidi kuliko maneno yangu kile ninachokisema. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyofuliwa bapa na kubanwa juu yake. Baadhi ya vyuma hupigwa kwa vidole, na katika marimba kubwa vipo vingine ambavyo havipigwi kabisa, bali huitikia vyenyewe pale vinavyopigwa vinapolia. Katika uso wa sanduku kuna tundu lililozibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na utando huo ndio unaoipa ala mvumo wake, ule mtetemo mkavu unaoizunguka kila sauti na kuifanya isikike mbali. Fundi huipanga kwa kuvisukuma vyuma mbele au nyuma kidogo kidogo huku akiimba, kwani ngazi ya sauti za Kigogo hufuata sauti zinazozaliwa ndani ya koo na ndani ya uzi wa zeze, wala haifuati kinanda. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayekuja na programu ya kupimia sauti kwenye simu yake huona mshale unakataa kutulia, naye hudhani ala imeharibika. Humchukua muda mrefu kuamini kwamba sikio la mzee liko sahihi na simu haina habari.

Sasa fikirini ala hiyo inapopanda jukwaani. Niliwahi kuhudhuria shindano moja ambalo fundi mitambo alimwomba mpigaji autoe ule utando, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa kinanasa kile alichokiita kelele. Mpigaji alikataa kwa adabu, akapiga kama alivyofundishwa na baba yake, na baadaye tukaona katika karatasi ya alama kwamba amekatwa kwa sababu ala yake haina usafi wa sauti. Hapakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwenye meza ile ya majaji walikaa watu waungwana wanaoujua vizuri muziki wa gitaa na wa studio, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuishika marimba. Waandaaji hawakuwa na mahali pa kumpata mtu huyo, na sisi wa vyuo, tulio naye, hatukuwa tumemtoa. Lawama za siku ile, kwa maoni yangu, zinatuangukia sisi zaidi kuliko wao.

Wako wanaosema kwamba mashindano na tuzo ni mambo ya kigeni, na kwamba ngoma ya jamii haipaswi kupangiwa wa kwanza na wa pili. Nawaheshimu wenye hoja hiyo, lakini historia haiwaungi mkono. Wasukuma wamekuwa wakishindana kwa vyama vyao viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, tangu karne ya 19, na mpaka leo baada ya mavuno, katika sherehe za Bulabo pale Bujora karibu na Mwanza, pande mbili hupiga kwa wakati mmoja na kila upande hujitahidi kuwavuta watazamaji wa upande wa pili. Katika pwani ya Tanganyika, vyama vya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi, kwa magwaride na kwa nyimbo za kejeli kiasi cha kuwatia wasiwasi watawala wa kikoloni. Na anayeijua taarab ya Unguja anajua jinsi vikundi vilivyonoana kwa mashairi, na jinsi mtazamaji anavyoinuka kwenye kiti, akacheza taratibu mpaka mbele na kumtunza mwimbaji noti mkononi katikati ya ubeti uliomgusa. Kumzawadia msanii hadharani ni jambo letu. Kilichobadilika ni mwamuzi. Zamani aliyeamua alikuwa mtu aliyeijua ngoma ile tangu utotoni, na manju hakuweza kumdanganya. Leo mshindi anaweza kupatikana kwa wingi wa ujumbe wa simu, na katika hesabu hiyo mji mkubwa utaishinda Mvumi, kijiji cha Wagogo kule Dodoma, kila mwaka, hata kama Mvumi wameimba vizuri zaidi.

Ndiyo maana mchango wa kwanza ambao chuo kinaweza kuutoa hauhitaji fedha nyingi: ni majaji. Mwalimu aliyekaa miaka na wazee wa Kigogo atajua kwamba muheme ni ngoma ya wanawake, inayobanwa katikati ya mapaja na kupigwa kwa namna inayohusiana na malezi ya wasichana, na kwa hiyo kundi la vijana wa kiume wanaoipiga kwa mbwembwe jukwaani wameleta kitu kipya kinachostahili kupimwa kama kitu kipya. Huenda ni kizuri, ila kisipewe nafasi ya kile cha zamani bila maelezo. Mwalimu wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, atasikia kama mpigaji amezipanga nyuzi zake kwa maqam, yaani ngazi ya sauti ya Kiarabu, inayotakiwa au amezivuta zikae sawa na kinanda cha umeme. Nasema hivi bila kuidharau taarab ya kisasa, ambayo ina wapenzi wake na ufundi wake. Nasema tu kwamba pale kanuni na kinanda cha umeme vinapowekwa katika kipengele kimoja na kupimwa kwa shangwe za ukumbi, mwanafunzi aliyetumia miaka minne kujifunza kanuni anaambiwa, bila mtu kutamka neno, kwamba alipoteza wakati wake.

Na maneno hayo yasiyotamkwa hufika darasani haraka kuliko mtaala. Kila mwanzo wa mwaka tunawauliza wanafunzi wapya wanataka ala gani kuu, na wengi hutaja gitaa, kinanda na ngoma za kizungu. Ala ya asili huja kama somo la lazima, la kupitia ili wafaulu. Mzazi naye huuliza, na ana haki ya kuuliza, kama mwanawe atakula zeze. Tuzo haimlishi mtu mwaka mzima. Tusiwadanganye wazazi hao. Lakini jina lililotangazwa redioni humwezesha mpigaji kutaja bei yake anapoitwa harusini au hotelini, humfungulia mlango wa tamasha kama Sauti za Busara, linalofanyika Zanzibar tangu mwaka 2004, na humfanya mwalimu mkuu wa sekondari ya jirani amtafute aje kuwafunza watoto wanaojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari. Kwa kijana anayepima maisha yake, hayo ni mambo yanayohesabika.

Zanzibar wanatupa mfano ninaoufikiria mara kwa mara. Mwaka 2005 Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki yanayofanyika Ulaya, akiwa tayari ni bibi mwenye umri mkubwa sana ambaye kwa miongo mingi alipiga ngoma za unyago, kuimba taarab na kuuza hina ili apate riziki. Alikuwa mlango wa kuingilia katika muziki ulioanzia nyuma kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay na kurekodi santuri kwa Kiswahili. Tuzo ile ilimpa haki yake, na nilifurahi pamoja na kila mtu. Hata hivyo ilitoka Ulaya, na ilikuja mwishoni mwa safari yake. Tulikuwa naye hapa hapa, umbali wa safari ya boti, miaka yote ile ambayo angeweza kufundisha makundi kwa makundi ya wasichana. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002 kimefanya kazi kubwa ya kuwakutanisha wazee wa taarab, kidumbak na ngoma na vijana, na wahitimu wake leo wanapiga udi na kanuni katika majukwaa ya nchi nyingi. Hata hivyo mwaka 2019 chuo hicho kililazimika kutangaza kuwa kiko hatarini kufungwa kwa kukosa fedha. Chuo kinachofundisha muziki ambao taifa haliuoni likiwasha televisheni kitapata shida kumweleza mfadhili au waziri kwa nini kiendelee kuwepo. Tuzo inayoonekana humsaidia mkuu wa chuo kujenga hoja hiyo kabla hajafungua mdomo.

Kuna namna ya kutoa tuzo ambayo ndani yake tayari mna shule. Tuzo za Muziki za Aga Khan, ambazo mwaka 2022 zilitolewa Muscat, Oman, zilimtambua mmoja wetu, Yahya Hussein Abdallah wa Dar es Salaam, msomaji wa Kurani na mtunzi wa kaswida za Kiswahili. Washindi wa tuzo hizo, pamoja na fedha, hupewa nafasi za kurekodi, kutunga kazi mpya, kuhifadhi kumbukumbu na kuendesha mafunzo. Hilo la mafunzo ndilo ninalotaka tulishike. Mshindi akipewa hundi na sanamu ya kioo, anarudi kijijini, na baada ya mwezi mmoja sanamu iko kabatini. Mshindi akipewa mkataba wa muhula mmoja wa kufundisha, wenye posho, nyumba na mtafsiri ikiwa Kiswahili chake si cha darasani, elimu yake imeingia kwa vijana ishirini na rekodi yake imebaki maktaba. Gharama ya muhula huo ni ndogo kuliko gharama ya mwaliko wa mwimbaji mmoja mashuhuri wa usiku wa tuzo.

Nataja rekodi kwa makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akarekodi nyimbo za watu wetu, na leo anayetaka kusikia sauti hizo huandikia maktaba ya muziki iliyoko Makhanda, Afrika Kusini. Namshukuru kwa kazi ile, kwani bila yeye tungekuwa mikono mitupu. Lakini fikirini kwamba kila mwaka washiriki wa tuzo wanatoka mikoa mingi, wamejiandaa, ala zao zimepangwa, mavazi yamekamilika, kisha tunawasikiliza kwa dakika tano na kuwaacha warudi makwao bila kuandika hata jina la mti uliotengenezewa ngoma. Wanafunzi wetu wa fani ya sauti wanahitaji mazoezi, na hapo yapo, siku tatu mfululizo. Chuo kinapochangia tuzo kinapata pia haki ya kuomba hilo, kwa idhini ya wasanii wenyewe na kwa kuheshimu hakimiliki yao.

Upande wa hatari nauona, na sipendi mtu atoke hapa akidhani tuzo yoyote ni heri. Kuna muziki ambao hauwezi kupewa tuzo ya mtu mmoja bila kuharibiwa. Wabasoga wa Uganda wana bigwala, matarumbeta ya vibuyu yanayopigwa kwa pamoja, matano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu. Wimbo huzaliwa pale kila mpigaji anapoingiza sauti yake katika nafasi iliyoachwa na wenzake. UNESCO ilipouingiza muziki huo mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kunusuriwa haraka, wazee mahiri waliosalia walikuwa wanne. Hesabu hiyo inatisha kwa muziki unaohitaji watu watano. Uliokolewa kwa vibuyu kupandwa upya na vijana kukalishwa chini ya wazee hao, na mhadhiri wa muziki wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi hiyo. Ungeuwekea bigwala kipengele cha msanii bora wa kiume na msanii bora wa kike, ungekuwa umeuliza swali ambalo muziki wenyewe haulitambui. Kwa hiyo tunapokaa na waandaaji, tudai vipengele vya vikundi, tudai kipengele cha fundi wa kutengeneza ala, maana bila yeye hakuna wa kushindana, na tudai kipengele cha mwalimu wa kijijini, mtu ambaye pengine hajawahi kupanda jukwaani lakini nusu ya wapigaji wa wilaya wamepita mikononi mwake.

Hatari nyingine ni saa. Tumeona katika mashindano ya shule, hapa kwetu na hata kwa jirani zetu wa Kenya, ambao tamasha lao la muziki la shule na vyuo lina umri wa karibu miaka 100, kwamba ngoma iliyokuwa ikichukua usiku mzima hubanwa katika dakika chache. Sehemu ya kuita, ya kupasha ngozi moto na ya kuingia polepole hukatwa, na kinabaki kilele peke yake. Mtoto aliyejifunza ngoma kwa njia hiyo hajui inakoanzia. Wala hatari hiyo haiondoki kwa kujifanya walinzi wa usafi wa mila. Zawose mwenyewe aliitanua marimba yake kwa kuiongezea vyuma vingi, na hakumwomba mtu ruhusa. Ninachotaka ni nafasi ya kutosha ili mabadiliko yafanywe na watu wanaojua wanabadilisha nini.

Mapendekezo yangu kwa bodi ya chuo chetu ni haya, na nimeyawasilisha pia kwa maandishi. Chuo kitoe majaji wawili wa muziki wa asili kila mwaka, na mmoja wao awe mzee asiye na cheti anayelipwa sawasawa na mwenye shahada. Chuo kigharamie muhula wa kufundisha kwa mshindi mmoja, na wanafunzi wa mwaka wa pili wapewe alama za mtihani kwa kumsaidia kuandaa mafunzo yake. Kitengo chetu cha sauti kirekodi washiriki wote, walioshinda na walioshindwa, na nakala irudi kwa kila kikundi kabla haijawekwa popote. Na iwapo waandaaji watakataa kuwapa vikundi muda wa kuimaliza ngoma, au watataka wapigaji waigize juu ya sauti iliyorekodiwa, tuondoe mchango wetu mwaka huo na fedha hizo ziende moja kwa moja kwa mafundi wa marimba na zeze wa Dodoma, kwa oda ya ala mpya za darasa la mwaka wa kwanza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.